Kuzimua rangi ya akriliki kwa brashi ya upepo: mwongozo kamili kwa wajenzi wa modeli

Rangi ya akriliki ikitoka vibaya kwenye brashi ya upepo (airbrush, kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa), wa kwanza kulaumiwa huwa brashi. Mtu atabadilisha sindano, ataongeza presha, atatamani kompresa kubwa zaidi, na bado uso wa modeli utabaki na vipele. Mara nyingi tatizo limo kikombeni: rangi ni nzito mno, au imezimuliwa kwa kitu kisichopatana nayo. Uwiano unaousoma kwenye vichupa na kuusikia kwenye video ni mahali pa kuanzia tu. Anayejua kuitazama rangi ikiteremka kwenye ukuta wa kikombe hana haja ya kukariri namba.

Nitafuata kazi moja tangu kuosha plastiki hadi kusafisha brashi: modeli ya ndege ya kivita ya Spitfire Mk IX ya kipimo cha 1/48, katika rangi za mapigano ya mchana ambazo jeshi la anga la Uingereza lilianza kuzitumia Agosti 1941. Chini ni kijivu cheupe, juu ni kijivu kilichokolea pamoja na kijani, na ukingo wa mbele wa mabawa una ukanda wa njano. Kazi hii inadai kila kitu kwa pamoja: eneo pana lisilo na alama, mistari ya kupiga kwa mkono bila kuziba, na njano, rangi inayowachosha wengi kuliko zote.

Jua kwanza ukoo wa rangi yako

Neno "akriliki" kwenye kichupa halitoshi. Kuna koo mbili, na hazizimuliwi kwa namna moja.

Ukoo wa kwanza ni wa Tamiya, kampuni ya Shizuoka huko Japani (zile zinazoanza na X na XF), pamoja na Aqueous Hobby Color za Mr. Hobby. Humo resini (kinachogandisha rangi) imeyeyushwa kwenye mchanganyiko wa pombe na viyeyusho vinavyokubali maji. Fungua kichupa unuse, utakutana na harufu ya spiriti. Rangi hizi zinapokea kizimulio cha kampuni yenyewe, isopropili (aina ya pombe ya kusafishia), hata thina ya laka ya wajenzi wa modeli. Maji nayo yanaingia, ila si rafiki mzuri: mvutano wa uso wa maji ni karibu mara tatu ya ule wa isopropili, kwa hiyo rangi iliyozimuliwa kwa maji matupu hujikusanya kuwa matone juu ya plastiki badala ya kutandaa.

Ukoo wa pili ni wa Vallejo ya Hispania, na wenzake kama Ammo na AK ya kizazi cha tatu. Hapa resini haikuyeyushwa. Ni chembechembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe zinasogeleana na kuungana kuwa ngozi moja. Ukitia isopropili, chembe zinashikana kabla ya wakati wake, na kikombeni utaona nyuzinyuzi na mabonge yanayovutika. Yakifika kwenye nozeli, yaani tundu la kutokea rangi, kazi imeishia hapo.

Una kichupa ambacho lebo yake imefutika? Weka tone moja juu ya kifuniko cha plastiki, ongeza tone la isopropili, koroga kwa kijiti cha meno. Ikibaki laini, ni ukoo wa Tamiya. Ikifanya mabonge, ni ya maji. Jaribio hili linachukua nusu dakika na linaokoa jioni nzima.

Kizimulio: cha kununua na cha kuepuka

Ushauri wangu ni kuanza na kizimulio cha kampuni iliyotengeneza rangi: X-20A kwa Tamiya, Airbrush Thinner kwa Vallejo. Ni ghali ukilinganisha na ujazo wake, lakini mpaka ujue rangi sahihi inavyotakiwa kutoka, hutajua kizimulio cha bei nafuu kinaharibu wapi. Ukishazoea Tamiya, jaribu Mr. Color Leveling Thinner. Ndani yake mna kichelewesha ukaukaji, hivyo rangi inapata muda wa kujilaza kabla haijashika, na uso unatoka laini kwa namna ambayo X-20A haifikii. Lakini hiyo ni thina ya laka. Mvuke wake si wa chumbani kwa watoto.

Isopropili ya asilimia 99 hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi simu, maana ndiyo wanayosafishia bodi za simu. Inafaa kwa Tamiya. Ile ya asilimia 70 nayo inafanya kazi. Sehemu iliyobaki ni maji, na wakati wa joto hayo maji yanasaidia kuchelewesha ukaukaji. Kuwa macho na spiriti ya duka la dawa. Surgical spirit nyingi hutiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yakibaki juu ya plastiki, rangi haishiki. Kitakasa mikono ndiyo kabisa usiguse: kina gliserini na vitu vya kuongezea uzito. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau iache ifanye kazi yake ya kuwashia moto.

Thina ya dukani, ile ya mafundi wa magari, inakula plastiki ya modeli. Itumie kusafishia vipande vya chuma vya brashi, si kuzimulia.

Kwa Vallejo ukiishiwa kizimulio unaweza kuongeza maji kidogo, lakini yasiwe ya bomba wala ya kisima chenye chumvi. Chukua yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma lebo kwanza, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na watu huviita vyote viwili "maji ya betri".

Mahali pa kazi na mapafu yako

Akriliki ya maji haina harufu kali, na hilo linadanganya watu. Ukipulizia, unatengeneza ukungu wa resini na unga wa rangi, na pafu halijali kama kilichoubeba kilikuwa maji au pombe. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke na vumbi. Ya kitambaa haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Fungua dirisha, weka feni inayotoa hewa nje, na hakikisha hakuna jiko linalowaka wala sigara. Isopropili na thina ya laka zinashika moto haraka.

Kompresa iwe na kidhibiti cha presha na kichujio cha maji. Yenye tangi ni bora, kwa sababu upepo wake hautoki kwa mapigo.

Kukoroga kabla ya kuzimua

Hapa ndipo wengi wanaruka. Rangi isiyong'aa ya Tamiya ikikaa, unga wa rangi na ule unaoua mng'ao hutua chini. Ukinyonya ya juu tu, utapaka rangi ya XF na itatoka inang'aa, kisha utaanza kulaumu kizimulio. Kijiti cha meno hakifiki popote. Tumia kijiti kipana na bapa, kwangua sakafu ya kichupa mpaka usihisi tope, kisha koroga kwa dakika nzima.

Vichupa vya Vallejo vya kudondosha huwezi kuviingiza kijiti, kwa hiyo ng'oa mdomo wake utumbukize gololi mbili za chuma kisichoshika kutu au za kioo. Gololi za bearing za baiskeli zitashika kutu ndani ya rangi na kuibadilisha. Kisha tikisa mpaka usikie gololi zinacheza huru pande zote.

Changanya kwenye kikombe cha pembeni, si ndani ya brashi. Kuna wanaopenda kuziba mdomo wa brashi kwa kidole ili upepo urudi nyuma na kukoroga kikombeni. Inafanya kazi, na pia inarusha rangi mpaka kwenye miwani. Ukilazimika kuchanganyia kwenye brashi, tangulia kutia matone machache ya kizimulio, ili rangi nzito isishuke moja kwa moja kwenye nozeli.

Rangi mimina kikombeni kwanza, kizimulio kifuate kidogokidogo huku unakoroga. Kama kichupa kimekaa muda mrefu, pitisha mchanganyiko kwenye kipande cha soksi ya nailoni. Punje moja ya rangi iliyokauka inatosha kuziba tundu la milimita 0.3.

Uwiano wa kuanzia

Tamiya na Mr. Hobby Aqueous: sehemu 1 ya rangi kwa 1 ya kizimulio kwa maeneo mapana, sehemu 1 kwa 2 kwa mistari myembamba. Mimi huanzia 1 kwa 1.5.

Vallejo Model Air: imeshazimuliwa kiwandani, lakini kwa uzoefu wangu haitoshi. Matone 10 ya rangi, 2 ya kizimulio na 1 la Flow Improver. Dawa hii ya mwisho inapunguza mvutano wa maji na kuzuia rangi isikaukie kwenye ncha ya sindano. Usizidishe, maana ikizidi rangi inachelewa sana kukauka na inabanduka na utepe wa kuzibia.

Vallejo Model Color, ile ya brashi ya kawaida: 1 kwa 1, na uwe tayari kuongeza.

Ukidondosha kwa pipeti ya kawaida, mililita moja ni karibu matone 20. Andika uwiano uliokubali pembeni ya jina la rangi. Nyeupe na nyeusi za kampuni moja zinaweza kutaka viwango tofauti, kwa kuwa unga wake haufanani.

Kusoma rangi kikombeni

Kila mwongozo utakuambia rangi iwe kama maziwa. Maziwa gani? Fresh ya ng'ombe wa kienyeji na yale ya pakiti yaliyotolewa mafuta hayatiririki sawa. Inayotakiwa ni hayo ya pakiti, mepesi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni hiki. Kwa kijiti chako, pandisha rangi kwenye ukuta wa ndani wa kikombe, kama sentimita mbili juu ya kimiminika, kisha uache. Ikibaki ukutani kama pazia zito lisiloshuka, ongeza kizimulio. Ikikimbia yote na kuuacha ukuta karibu mtupu, au ikakatika kuwa vijito, imezidi. Ongeza tone la rangi. Inayofaa inashuka taratibu kwa pamoja na kuacha utando mwembamba ambao unaona ukuta kupitia kwake. Angalia ukingo wa juu wa utando huo: usiwe na punje. Ukiona punje, rangi haikukorogwa vya kutosha au kizimulio si cha ukoo wake.

Kisha pulizia kijiko cha plastiki. Karatasi haifai, kwa sababu inanyonya na kila rangi juu yake huonekana nzuri. Kijiko kina mgongo uliopinda kama ubavu wa ndege na hakinyonyi kitu. Piga mstari kwa umbali wa sentimita 3, halafu funika eneo dogo kwa sentimita 10. Vitone vikitawanyika kando ya mstari, rangi ni nzito au presha ni ndogo. Rangi ikifurika na kutoa michirizi inayokimbia kila upande, ni nyepesi mno, au uko karibu sana, au umevuta triga kupita kiasi. Uso ukikauka kama unga ukiupapasa, rangi imekauka hewani kabla ya kufika.

Presha, sindano na umbali

Mambo haya matatu yanakwenda na uzito wa rangi, hayatengani nao. Rangi nyepesi inataka presha ndogo. Rangi nzito inataka kubwa. Kwa sindano ya milimita 0.3 na Tamiya ya 1 kwa 1.5, anza na psi 15 hadi 18, yaani bar 1 na kitu. Vallejo inataka kidogo zaidi, kati ya 18 na 20, na sindano ya 0.4 ikiwezekana. Soma geji huku triga imebonyezwa. Ukiisoma upepo umesimama, inakudanganya, kwa maana presha hushuka mara hewa inapoanza kutoka.

Ukitaka kukaribia zaidi, zimua zaidi na ushushe presha. Ukibadilisha kimoja tu kati ya vitatu, viwili vilivyobaki vitakusumbua.

Kwenye Spitfire yenyewe

Osha vipande kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu kabla ya kujenga, kwa sababu kiwandani plastiki hubaki na mafuta ya kutolea kwenye kalibu. Ukishajenga, pulizia praima, yaani rangi ya msingi. Mr. Surfacer 1200 iliyozimuliwa kwa thina ya laka mara mbili ya ujazo wake inatosha. Akriliki zote zinashika vizuri zaidi juu ya praima, na Vallejo bila praima hubanduka kama ngozi.

Anza na njano. Njano haifuniki, na kishawishi ni kuifanya nzito ili ifunike. Matokeo yake ni ukingo mnene unaoonekana hata baada ya kutoa utepe. Pulizia kwanza nyeupe isiyong'aa, XF-2, kwenye ukingo wa mbele wa sehemu ya nje ya bawa. Kisha XF-3 kwa 1 kwa 2, makoti (matabaka) manne au matano membamba. Koti la kwanza litakukatisha tamaa. Liache. La nne ndilo litakalokuonyesha rangi. Ikikauka vizuri, ziba kwa utepe.

Sasa upande wa chini, XF-83. Uwiano 1 kwa 1.5, psi 15, umbali wa sentimita 8 hadi 10. Koti la kwanza liwe ukungu tu, praima ionekane bado. Hilo ndilo linalolipa koti la pili mahali pa kushika. Koti la pili lipige lenye unyevu: mkono uende kwa mwendo mmoja, uanze nje ya bawa na uishie nje ya bawa, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Inamisha taa ili uuone mng'ao wa rangi mbichi ukifuata brashi yako. Mng'ao huo ukikaa sekunde mbili tatu kisha ukafifia wenyewe, umepatia. Ukififia papo hapo, rangi inafika ikiwa kavu. Ukiendelea kung'aa na kuanza kusogea, ondoa mkono, usiuguse, acha ukauke.

Juu, tandika XF-82 kwa namna hiyohiyo. Kisha inakuja kijani, XF-81, na hapa ndipo kuzimua kunapojulikana. Nenda 1 kwa 2 na ushushe presha hadi psi 10 au 12. Sogea mpaka sentimita 2 au 3 na uchore mpaka wa doa kwa mstari mwembamba, triga ikivutwa kidogo sana. Rangi itaonekana dhaifu. Rudia mstari mara mbili tatu, halafu jaza ndani ukielekea katikati, kamwe si kuelekea nje. Baada ya kila mistari kadhaa, pulizia pembeni na ufute ncha ya sindano kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kizimulio.

Vitone vikitawanyika juu ya kijivu, usivisugue vikiwa vibichi. Vikikauka, zimua XF-82 kwa 1 kwa 3 na uvirudie kwa ukungu.

Joto na unyevu

Dar es Salaam au Mombasa ya Februari, isopropili inaruka haraka mno, na uso unatoka wa unga hata ukipatia kila kitu kingine. Hamia kizimulio chenye kichelewesha ukaukaji, au ongeza tone moja au mawili ya kichelewesha cha akriliki cha Tamiya kwa kikombe kizima. Piga rangi alfajiri au usiku. Dodoma ya kiangazi nayo inataka hivyohivyo, kwa sababu ya ukavu.

Masika ni shida nyingine. Thina ya laka inaporuka inapoza uso, unyevu wa hewani unagandia pale, na rangi inapata weupe wa ukungu. Siku mvua inaponyesha, rudi kwenye X-20A au ahirisha. Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa utoe maji kila baada ya kazi; kwenye ukanda wa pwani utashangaa kiasi kinachotoka. Tone la maji likipita kwenye hosi litatua katikati ya bawa, halitatua pembeni.

Kubadili rangi na kusafisha

Rangi iliyozimuliwa usiirudishe kwenye kichupa chake. Ya Tamiya inaweza kukaa kwenye kichupa kingine kinachofunga vizuri, chenye lebo ya rangi na uwiano. Ya Vallejo changanya ya kutosha kazi ya siku hiyo tu.

Kati ya rangi moja na nyingine za ukoo mmoja, mwaga iliyobaki, tia kizimulio, pulizia kwenye kitambaa mpaka kitoke safi. Baada ya Vallejo, utaratibu una mpangilio wake: maji kwanza, mpaka yatoke safi kabisa, ndipo isopropili. Ukitanguliza isopropili, mabaki yatageuka mpira ndani ya nozeli, na utalazimika kuifungua kwa spana ndogo. Vivyo hivyo unapotoka Vallejo kwenda Tamiya kwa brashi moja.

Mwisho wa siku chomoa sindano kwa nyuma, uifute kuelekea kwenye ncha, kamwe si kurudi nyuma. Vipande vya chuma unaweza kuviloweka kwenye thina ya dukani, lakini toa kwanza pete za mpira, maana thina inazivimbisha.